Tupeni Kiti Kisicho na Bei: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kaunti ya Kajiado

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kajiado,
Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa wawakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti,
Kwa maafisa wote mnaosimamia elimu, utamaduni, ardhi na fedha za kaunti yetu,

KUH: MAKTABA YA UMMA YA KITENGELA

Waheshimiwa,

Mimi ni mwandishi na mkazi wa Kitengela. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si langu peke yangu, na kwa kuwa kila ninapolitaja barazani huitikiwa kwa tabasamu, kisha mazungumzo yakarudi kwenye ploti na barabara.

Nianze na kilichonisukuma kushika kalamu. Sisi wasomaji wachache wa hapa mjini hukutana Jumamosi moja kila mwezi kuzungumzia kitabu. Hatuna ukumbi. Hukutana hotelini, kando ya Barabara ya Namanga, na kila aketiye huagiza chai ili tusimnyime mwenye hoteli riziki yake. Katika mkutano wetu wa mwisho msichana wa kidato cha tatu alisimama mlangoni, nakala ya Bembea ya Maisha mkononi, ile tamthilia ya Timothy Arege inayotahiniwa shuleni. Alikuwa amesikia kwamba hapa kuna watu wanaojadili vitabu. Nikamwambia, "Karibu mwanangu, keti." Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, lazima ninunue kitu?"

Tulimnunulia chai, akaketi, na alipofungua mdomo alizungumza vizuri kutushinda wengi wetu. Lakini swali lake nimelala nalo na kuamka nalo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipita mjini nikilitafutia jibu. Hotelini utaketi ukinunua. Saiba utaketi kwa dakika ulizolipia. Kwa kinyozi, kwenye baa, ndani ya matatu, kote ni vivyo hivyo. Kanisani na msikitini mtu hukaribishwa bure, nasi twashukuru, lakini huko huenda kumwabudu Mungu, haendi kufanya hesabu za shule. Kila kiti cha Kitengela kina bei, na mtoto asiye na shilingi hana pa kuketi akafikiri.

Ninachowaomba ni maktaba ya umma inayolingana na ukubwa wa mji huu, iliyo wazi kwa kila mtu, bila malipo mlangoni. Naomba mnisikilize sababu zangu, kisha maombi yangu.

SABABU ZANGU

1. Mji umekua haraka, na nafasi ya kusomea haikukua nao.

Ardhi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei, na wanyamapori wa Mbuga ya Nairobi walivuka wakaja kujilisha huku. Kisha viwanda vya Athi River na eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje (EPZ) vikaleta wafanyakazi, wafanyakazi wakahitaji nyumba, malisho yakakatwa ploti. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 mjini Kitengela. Sensa ya 2019 ikahesabu zaidi ya 154,000. Katika miaka kumi tu mji ulikaribia kuwa mara tatu ya ulivyokuwa.

Wengi wa watu hao ni vijana wenye watoto wadogo, wanaoishi katika chumba kimoja au viwili. Jioni, ndani ya chumba hicho hicho, mama anapika, redio ya jirani inalia, mdogo analia, na mwanafunzi wa gredi ya saba anatakiwa afanye kazi ya mradi. Mtaala wa umilisi unamwambia mtoto atafute, achunguze, alinganishe. Atafute wapi? Mzazi humpeleka saiba, akalipia dakika na kurasa za kuchapisha. Mzazi asiye na hela hiyo humwambia mtoto aandike anachokijua. Hapo ndipo watoto wawili wa darasa moja huanza kuachana, mapema, na wala hakuna aliye mvivu kati yao.

2. Katiba imewakabidhi nyinyi kazi hii.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, linaorodhesha kazi za serikali za kaunti. Humo zimo huduma za afya, masoko, barabara za kaunti, elimu ya chekechea. Humo pia, kwa jina lake, zimo maktaba. Waliotuandikia Katiba hawakuliacha neno hilo litafsiriwe na kila mtu apendavyo. Wamelitaja.

Kwa hiyo ninapoomba maktaba siombi fadhila ya mwanasiasa yeyote. Naomba kazi ifanywe na aliyekabidhiwa. Na hili nalisema kwa kaunti zote, kwani ugonjwa huu si wa Kajiado peke yake: bajeti inapobana, maktaba ni rahisi kukatwa, kwa kuwa hakuna anayeandamana akidai kitabu. Leo mnihesabu mimi kuwa mmoja anayekidai.

3. Najua maktaba inavyoweza kumgeuza mtoto, kwa kuwa ilinigeuza mimi.

Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, pale Banda Street mkabala na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika aliitazama kwa nje, nguzo zake nene na simba wawili wa mawe wanaolinda ngazi, akaendelea na safari yake. Uhuru ulipokaribia ndipo mlango ulipofunguliwa kwa watu wa rangi zote.

Mimi nilizipanda ngazi hizo nikiwa na miaka kumi na minne, binamu yangu akinitangulia. Mama alikuwa akiuza sukuma wiki na nyanya Noonkopir, hapa hapa Kitengela, na nilikuwa nimevaa viatu vya shule kwa kuwa ndivyo pekee nilivyokuwa navyo. Niliwaogopa wale simba, na nilimwogopa zaidi mkutubi, nikidhani atanifukuza. Alikuwa mama wa makamo mwenye sweta ya kijani. Aliniuliza, "Wewe wapenda hadithi za namna gani?" Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamjibu kwamba sijui. Akaenda, akarudi na riwaya ya Kiswahili iliyochakaa jalada, akanionyesha meza iliyo karibu na dirisha.

Nilisoma mpaka wakati wa kufunga. Nilirudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena, kila nauli ilipopatikana. Yote niliyoandika tangu hapo mizizi yake iko kwenye meza ile. Mama yule sikulijua jina lake, na sijui kama yu hai. Kwa kuwa siwezi kumshukuru yeye, nawashukuru wakutubi wote wa nchi hii: wanaofuta vumbi, wanaogundisha migongo ya vitabu vilivyochanika, wanaomtambua mtoto mwoga mlangoni na kumtafutia kitabu. Sifa zao hazitangazwi, lakini wamelea waandishi, mawakili na madaktari wengi wa taifa hili.

Hata hivyo, Waheshimiwa, mtoto wa Noonkopir asilazimike kupitia msongamano wa magari wa Mlolongo hadi Nairobi ili akutane na kitabu. Nauli ya kwenda huko na kurudi ni pakiti ya unga nyumbani kwao.

4. Watu wa vitabu wamebeba mzigo huu kwa mabega yao, na mabega yamechoka.

Naomba muwatambue watu hawa, kwa kuwa mnawapita kila siku. Kuna wauzaji wa vitabu vikuukuu wanaotandaza turubai kando ya barabara, zile tunazoziita "inama bookshop" kwa kuwa sharti uiname ndipo uchague. Kuna walimu wanaoazima wanafunzi vitabu vyao wenyewe, wakijua nusu havitarudi. Kuna waandishi wanaochapisha kwa akiba yao, wakabeba nakala kwenye begi shule hadi shule. Kuna wasomaji wenzangu wenye katoni za vitabu chini ya vitanda vyao, wanazozitoa kila Jumamosi ya mkutano na kuzirudisha jioni. Watu hawa hawakungoja kuombwa.

Kitabu nacho hakishikiki kwa bei. Sheria ya kodi ya VAT ya 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16, na tangu hapo wachapishaji na wauzaji wamelia bila kunyamaza. Mzazi akimaliza kununua vya lazima vya darasani, cha hadithi hakinunuliwi. Mahali ambapo watu elfu moja hawawezi kununua kitabu kila mmoja, dawa ni kununua kimoja kikasomwa na elfu. Hiyo ndiyo hesabu nzima ya maktaba.

Nairobi wametuonyesha kwamba raia na kaunti wanaweza kushikana mikono. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na Kaunti ya Nairobi kufufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Wananchi walileta bidii, ubunifu na wafadhili, lakini nyumba ilikuwa ya umma. Sisi wa Kitengela tunayo bidii. Nyumba ya umma hatuwezi kujipa.

5. Umbali na ufukara havijawahi kuwa sababu ya kutosha.

Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita 21,000 za mraba, kutoka Magadi hadi Loitokitok, kutoka Ngong hadi Namanga. Nitaambiwa kwamba wafugaji wanahamahama na maktaba haihami. Lakini mwaka wa 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS, ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Ngamia walibebeshwa masanduku na hema, wakafika mahali ambapo gari halifiki, watoto wakaketi kwenye mikeka chini ya mti wakasoma. Kabla ya hapo, East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka wa 1948, ilikuwa ikituma vitabu kwa masanduku na kwa posta kwa wasomaji wa mbali. Ikiwa sanduku liliweza kusafiri enzi hizo, linaweza kufika Mashuuru na Ilbissil leo kwenye gari la kaunti.

Nitaambiwa pia kwamba kuna mambo makubwa kuliko vitabu: maji, dawa, karo. Sikatai. Niliiona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara katika ukame ulioanza 2020, na najua mfugaji aliyepoteza boma zima hawezi kuulizwa habari za riwaya siku hiyo. Lakini mwanawe atakayesomea mifugo, maji au hali ya hewa anahitaji pa kusomea. Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kuadhimisha uhuru, nchi ikiwa na miaka sita tu na mahitaji tele. Hakungoja nchi itajirike ndipo ianze kusoma.

Wa tatu ataniambia kila mtu ana simu. Simu inataka bando, na bando inaisha. Simu ya nyumba moja hugombewa na watu watano. Na maktaba ya leo huwa na intaneti na kompyuta pamoja na vitabu, ili yule asiye na bando apate vyote viwili mezani pamoja na mtu wa kumwelekeza.

6. Kumbukumbu zetu zinapotea.

Henry ole Kulet, aliyefariki mwaka wa 2021, alitumia maisha yake kuandika habari za Umaasai unaobadilika. Alipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na riwaya yake Blossoms of the Savannah ilisomwa na watahiniwa wa nchi nzima. Naomi Kipury alikusanya fasihi simulizi ya Wamaasai katika kitabu kilichotoka 1983. Je, kijana wa Isinya akitaka kuvisoma vitabu hivyo Jumamosi hii, aende wapi ndani ya kaunti yake mwenyewe? Wageni huja kutoka mbali kuandika juu yetu, wakarudi na maandishi yao. Wazee wetu wanaojua majina ya mito, ya rika na ya malisho ya kiangazi wanaondoka mmoja mmoja. Maktaba ya kaunti ndiyo ghala la kumbukumbu hizo, kwa Kimaa, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wakazi wetu.

MAOMBI YETU

Baada ya sababu hizo, haya ndiyo tunayowaomba, na tumeyapunguza yawe ya kutekelezeka.

1. Chumba kwanza, jengo baadaye. Msingoje jumba la ghorofa. Tengeni ukumbi mmoja wa umma katikati ya Kitengela, wenye mwanga, choo, maji na mlango ambao mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuupita. Meza thelathini zatosha kuanzia.

2. Ardhi ilindwe sasa. Kila mwaka ploti zinakwisha. Tengeni kipande cha ardhi ya umma kwa ajili ya maktaba ya kudumu, kiwekewe hati na kutangazwa, kabla hatujaanza kununua kwa bei ya soko ardhi iliyokuwa yetu.

3. Neno "maktaba" liwe na mstari wake katika bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Tunaomba tuione maktaba katika nyaraka hizo zote mbili, kwa jina na kwa kiasi cha fedha. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, nyinyi ndio mnaopitisha. Msipitishe bila kuuliza.

4. Ajirini mkutubi aliyesomea kazi yake. Chumba chenye vitabu bila mkutubi ni stoo. Vijana waliohitimu masomo ya ukutubi wako, na wengine ni wa kaunti hii.

5. Saa ziwafuate watu. Mfanyakazi wa EPZ hutoka kazini jioni. Maktaba inayofungwa saa kumi na moja, na kufungwa Jumamosi na Jumapili, haikujengwa kwa ajili yake wala watoto wake. Fungueni hadi saa mbili usiku, na wikendi nzima.

6. Kuingia kuwe bure. Ilani ya UNESCO na shirikisho la maktaba duniani, iliyotolewa upya mwaka wa 2022, inashikilia kwamba huduma ya msingi ya maktaba ya umma haipaswi kulipiwa. Hata shilingi ishirini zinatosha kumrudisha mtoto nyumbani.

7. Masanduku ya vitabu yaende mashinani. Kila wadi ipate sanduku linalozungushwa kila muhula kati ya shule na vituo vya jamii, hasa kule ambako maboma yametawanyika.

8. Sehemu ya fedha za vitabu inunue kazi za waandishi wa Kenya, zikiwemo za Kimaa na Kiswahili. Mwandishi wa hapa akijua kaunti itanunua nakala zake, ataandika kitabu cha pili.

Nasi hatuji mikono mitupu. Kundi letu liko tayari kutoa vitabu tulivyo navyo na kuvipanga. Walimu wastaafu walio miongoni mwetu wako tayari kuwasomea watoto hadithi kila Jumamosi asubuhi. Waandishi watakuja kusoma na kufundisha bila kudai malipo. Wenzangu wauza vitabu, wachapishaji na wasomaji wa Ngong, Rongai, Kiserian na Loitokitok, mkiisoma barua hii, waandikieni wawakilishi wa wadi zenu. Njooni kwenye vikao vya maoni ya wananchi, mlitaje neno maktaba, liandikwe kwenye kumbukumbu. Asiyesema hahesabiwi.

Waheshimiwa, najua mna barua nyingi mezani. Hii naomba muipime kwa yule msichana aliyesimama mlangoni. Mwaka ujao anafanya mtihani wake wa kidato cha nne. Atafaulu au atafeli kwa bidii yake, lakini pia kwa meza aliyoipata au kuikosa. Nyuma yake wako maelfu wanaokuja. Mkiwajengea leo, kesho watawakumbuka kama ninavyomkumbuka mama wa sweta ya kijani. Mkiwanyima watazoea kwamba kujua ni kwa mwenye fedha, na mji unaolea watoto kwa fikra hiyo utailipia kwa muda mrefu.

Tengeni chumba. Vitabu tutavileta.

Wenu katika kuijenga Kajiado,

Mwandishi na msomaji,
Kitengela